Figo mupya, dawa ni ya maisha yote

Ndugu wafanyakazi wa mugodi, na ninyi wamama wa jamaa, tukisikia mwenzetu amepandikizwa figo, tunasema: amepona, mambo imeisha. Hapana, haijaisha. Mwili unaona ile figo kama mugeni, na askari wa damu hawachoke kuipiga vita. Ndiyo maana mugonjwa anameza dawa kila siku. Akiacha, figo inakufa.

Tangu 2011, Marekani na Ulaya wanakubali dawa ingine, belatasepti. Ni proteini: wenye sayansi waliunga vipande viwili vya proteini za kinga ya mwili, wakabadilisha kidogo. Askari wa damu, mbele ya kushambulia, anahitaji mambo mawili: kuona mugeni, kisha kupata amri. Belatasepti inafunga ile amri. Ni kama baruti ndani ya mwamba: imepangwa, lakini pasipo amri haipasuke.

Inatiwa kwa serumu, mara moja kwa mwezi kisha majuma ya kwanza. Siklosporini ya zamani inaharibu figo polepole; hii haiharibu vile. Katika uchunguzi wa miaka 7 uliotangazwa 2016, hatari ya kufa ao kupoteza figo ilipungua kwa 43 %, ukilinganisha na wale wa siklosporini.

Lakini si dawa ya kuchezea. Mwaka wa kwanza, mwili unaweza kukataa figo mara nyingi zaidi. Mutu ambaye damu yake haijakutana na virusi ya Epstein-Barr hapewi, juu inaweza kumuletea kansa. Na sisi wa vumbi ya mawe tunajua kifua kikuu: ni lazima kipimwe na kutunzwa kwanza.

Sasa shida yetu ni hii. Kodi ya kazi ya 2002 inalazimisha kampuni kutunza mufanyakazi na jamaa yake, lakini mpaka mwisho wa mukataba. Mukataba unaisha, figo haina tarehe. Wakubwa watasema dawa ni bei kali. Ni kweli. Lakini kulipa operesheni kisha kukata dawa, ni kutupa feza na mutu pamoja.

Kwa hiyo, madelege, kwenye mapatano ya pamoja yanayokuja tuandike: dawa za kulinda figo ni sehemu ya matunzo, munganga ndiye anachagua kidonge ao serumu, kustaafu ao kufukuzwa kazi kusikate dawa. Neno lisiloandikwa, kesho watalikana.