Mnara wa Simu na Televisheni ya Mzee

Juzi alinijia ofisini mzee mmoja wa kigango cha mbali. Hata kiti hakukingoja. "Karani, mwanangu," akasema, "tangu wajenge mnara wa simu kule kilimani, televisheni yangu ni chenga tupu. Je, mnara waweza kumnyima mtu picha?"

Nikamjibu: Waweza, baba, na Uingereza yamewapata.

Mawimbi ya simu na ya televisheni hupita hewani kwa masafa, kila moja na njia yake, kama mashamba mawili yaliyopakana. Uingereza ilimaliza kuzima televisheni ya analogi Oktoba 2012. Mwaka 2013 masafa ya megahezi 800, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, yakapigwa mnada, nayo makampuni ya simu yakayanunua kwa ajili ya 4G. Televisheni ikabaki jirani, chini ya megahezi 790. Lakini antena za watu zilikuwa zimezoea kupokea yote! Basi mtu akikaa karibu na mnara, ni kama kusikiliza mnong'ono huku jirani anapiga ngoma. Picha hukatika vipande vipande, hata chaneli hupotea.

Mdhibiti wa mawasiliano wa huko, Ofcom, alikisia kwamba nyumba hadi milioni 2.3 zaweza kusumbuliwa. Sasa nani alipe? Mwenye televisheni, ambaye hakuomba mnara? La. Serikali iliamua walipe walionunua masafa, hadi pauni milioni 180. Kikaundwa chombo kiitwacho at800, kikawapelekea watu chujio kwa posta, bure. Chujio hilo ni kidude kidogo kifungwacho katika waya utokao kwenye antena; huachia mawimbi ya televisheni na kuzuia ya simu. Lakini penye kile chombo cha kuongeza nguvu juu ya paa, chujio sharti litangulie mbele yake, na hapo ni kazi ya kupanda ngazi. Kwa hiyo wenye miaka 75 na zaidi, na vilema, waliweza kuletewa fundi. Jambo hili limenipendeza kupita yote. Mwishowe waliosumbuliwa walikuwa wachache mno kuliko makisio, lakini fedha zilikuwa zimekwisha wekwa.

Kwetu pia, mwenye antena akiona picha zimeharibika ghafula mnara ulipowashwa, aandike tarehe na saa, kisha apeleke malalamiko kwa kampuni na kwa TCRA. Asinyamaze.

"Na wewe, baba," nikamwuliza, "una antena au ungo?"

"Ungo."

Nikacheka kidogo. Ungo hupokea kutoka satelaiti, kwa masafa ya juu sana, mbali na hayo ya Uingereza. Nikamwambia atazame kwanza waya na mlingoti.

Jumapili tukakutana nje ya kanisa. Kumbe mbuzi wake alifungwa kwenye mlingoti, akauvuta hata ungo ukageuka. Mbuzi amehamishwa.