Mzee asinyimwe dawa, apimwe

Mzee ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio hupewa warfarin ili damu isigande moyoni na kumletea kiharusi. Dawa hiyohiyo yaweza kumvujisha damu tumboni au kichwani, ndiyo maana wapo wanaosema wazee wasipewe kabisa. Hatukubaliani nao. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007, kwa wagonjwa 973 wenye miaka 75 na zaidi, ulionyesha warfarin ikipunguza kiharusi kikali kwa takriban nusu kuliko aspirini, bila kuzidisha uvujaji mkubwa wa damu.

Ila wale walipimwa mara kwa mara. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, hakitoshi kikifanywa mara moja Dar es Salaam, kisha mgonjwa akarudi Kibondo au Kasulu na kujinunulia Flagyl, Septrin au diclofenac. Zote huongeza hatari ya kuvuja damu, na muuza duka asiyeambiwa kuwa mgonjwa anatumia warfarin hana kosa. Watasema dawa mpya hazihitaji kipimo hicho. Kweli, lakini nazo hutegemea figo, ambazo huchoka na uzee. Na kwa mioyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulikuta vifo vichache kwa dawa za jamii ya warfarin kuliko kwa rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya. Hospitali za wilaya zianze na mashine ndogo ya kupima kwa tone la damu ya kidoleni, na kadi ambayo mgonjwa ataionyesha kila duka la dawa.