HAWABAKI KWA SABABU WANASHINDA



Wiki hii nimepokea ujumbe kutoka kwa mshirika: "Pasta, nimehama. Nimeomba hapo miaka miwili na sijaona kitu." Sitamtaja, na mlango uko wazi kwake. Lakini najua hayuko peke yake, kwa hiyo najibu hapa. Na leo nitajibu kwa habari za mpira.

Kule Marekani kuna mpira wa vyuo vikuu, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Jimbo la Nebraska halina timu katika ligi kuu ya kulipwa. Jumamosi ikifika, timu yao ni ya chuo kikuu. Uwanja wao mjini Lincoln umeingiza zaidi ya watu 85,000, na tiketi za mechi za nyumbani zimekuwa zikiisha tangu mwaka wa 1962.

Sasa sikia. Mara ya mwisho kutwaa ubingwa wa taifa ilikuwa msimu wa 1997. Kuanzia 2017 mpaka 2023, misimu 7 mfululizo, walishindwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Misimu 7! Na bado tiketi zilikwisha. Wakati fulani zilipotaka kubaki, wenye uwezo walizinunua wakawapa watoto wasiojiweza.

Na wewe miaka 2 imekushinda.

Wahubiri wengi watakuambia siri ni burudani: bendi, kelele, shamrashamra. Ndiyo maana wanakimbilia kununua taa za rangi na mashine za moshi. Nakataa! Burudani haielezi misimu 7 ya kupigwa. Anayefuata burudani huondoka ikichacha.

Watu wale wanabaki kwa sababu baba alimbeba mtoto begani akampeleka uwanjani, na mtoto huyo leo amembeba wake. Timu ikipigwa, hasemi "wameshindwa." Anasema "tumeshindwa." Chunguza kinywa chako, mpendwa. Ukilitaja kanisa, unasema "wao" ama "sisi"?

Tena wanabaki kwa sababu wamepewa mahali pa kusimama. Tarehe 2 Januari 1922, timu ya Texas A&M ilikuwa ikicheza Dallas na wachezaji wake wakawa wanaumia mmoja baada ya mwingine. Kocha wao, ambaye jina lake, amini usiamini, lilikuwa Dana X. Bible, akamwita kijana E. King Gill aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. Gill alikuwa ameshaacha timu hiyo akaenda kwa mpira wa kikapu. Akashuka, akavaa jezi, akasimama kando ya uwanja mpaka filimbi ya mwisho. Timu ikashinda 22 kwa 14. Gill hakuingia hata dakika moja! Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye, wanafunzi wa chuo hicho bado husimama mechi nzima, ishara kwamba wako tayari wakiitwa.

Kanisani kwetu wangapi wako tayari kuvaa jezi na wasiitwe? Wengi wetu tusipopewa maikrofoni, tunanuna.

Lakini lawama si ya washirika peke yao. Sisi wachungaji tumewafundisha hivyo. Tumebandika mabango ya "njoo upokee muujiza wako wiki hii" na mafuta mkononi, halafu tunashangaa mtu akihama wiki ikiisha. Yohana sura ya 6 iko wazi: wengi waliokula mikate walirudi nyuma waliposikia neno gumu. Uliyemvuta kwa mkate, utampoteza mkate ukikatika. Habakuki alitazama mtini usio na tunda na zizi lisilo na ng'ombe, akaamua kumfurahia Bwana hivyo hivyo. Huyo ndiye mshirika ninayetaka kumlea, na ninatubu pale nilipowalea kinyume.

Na kuna onyo. Novemba 2011, chuo cha Penn State kilimfuta kocha Joe Paterno baada ya aliyekuwa msaidizi wake kushtakiwa kwa kunajisi watoto. Wanafunzi walimwagika barabarani usiku kumtetea kocha, wakapindua gari la wanahabari. Watoto walikuwa wameumizwa, na watu wanalilia kocha! Hapo mapenzi yamegeuka sanamu. Kwa hiyo nisikieni: siku mimi nikifunika dhambi, msinipigie makofi. Simameni na aliyeumizwa. Nimewaita mbaki na Kristo na mwili wake, sikuwaita mbaki na Pasta.

Shabiki wa Nebraska huenda uwanjani bila kujua matokeo. Wewe unajua! Kaburi liko wazi. Kama yeye anaweza kustahimili misimu 7 akingoja kombe litakaloshika vumbi kabatini, wewe unakimbia nini?

Kesho ni Jumapili. Njoo na mtoto wako, hata kama jibu halijaja. Njoo umevaa jezi.

Kama uko tayari kuitwa, andika AMINA. 🙏