Tamko la Wahadhiri Kuhusu Kazi za Vikundi Zinazofanyika Mtandaoni

Sisi, wahadhiri na wakufunzi wa vyuo nchini Tanzania, kupitia chama chetu cha taaluma, tumejadili kazi za vikundi ambazo wanafunzi wanaziandaa kwenye majukwaa ya pamoja ya mtandaoni kama vile Google Docs na Moodle. Tunatoa tamko hili kwa vyuo, kwa wahadhiri wenzetu na kwa wanafunzi.

Hali ilivyo

Kila muhula tunapokea ripoti zenye majina sita na jasho la wawili. Wapo wanaobeba, wapo wanaosindikiza. Mwenye kompyuta hukesha akiunganisha vipande alivyotumiwa kwa WhatsApp. Ukurasa wa tatu unasema waliohojiwa ni 40, wa saba unasema 60, na ripoti inawasilishwa kabla hajapatikana hata mmoja wa kuisoma yote.

Kutegea hakukuletwa na simu. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio yake: watu wakivuta kamba kwa pamoja, kila mmoja hutoa nguvu ndogo kuliko anayotoa akivuta peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vikiwa vingi navyo huanza kutegeana.

Jukwaa la pamoja linapunguza maradhi hayo. Faili ni moja, wote wanaliona, na historia ya marekebisho inaonyesha nani kaongeza nini na saa ngapi. Ile 40 na ile 60 zinagongana mapema: mmoja anaweka swali pembeni, mwenzake anarudi kuhesabu madodoso.

Tunachotahadharisha

Historia hiyo inamwonyesha aliyechapa; aliyefikiri haimjui. Wanafunzi wanne wakikaa kwenye kimbweta na kompyuta moja, wakabishana saa mbili hadi hoja ikakaa sawa, jina litakalobaki kwenye faili ni la mwenye kompyuta. Aliyeishiwa bando akaandika sehemu yake kwenye daftari, mwenzake akamchapia, ataonekana mtegeaji. Kwa sababu hiyo tunapinga kugawa alama kwa kuhesabu maneno au marekebisho ya kila mwanafunzi.

Tunatamka yafuatayo

1. Wahadhiri tulipitie faili la kikundi kazi ikiwa bado inaendelea, tusisubiri siku ya kukusanya. Historia ya marekebisho itupe maswali, isitoe hukumu. Kabla ya kutoa alama, kikundi kiitwe, na kila mmoja aeleze sehemu yake na ya mwenzake. Msindikizaji hapo hajifichi, na aliyeandika kwenye daftari anapata haki yake.

2. Vyuo vifikishe intaneti kwenye vimbweta na mabweni, na maabara za kompyuta zifunguliwe jioni, muda ambao vikundi hukutana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe kuandaa faili lifanye kazi bila mtandao, marekebisho yakapande mtandao ukipatikana. Anayepima bando kwa shilingi asiadhibiwe kwa kuchelewa kuonekana.

3. Faili lenye namba za simu, namba za usajili au majibu ya waliohojiwa lisiachwe wazi kwa kila mwenye kiungo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwanakijiji aliyejaza dodoso alimwamini mwanafunzi aliyekuwa mbele yake, hakuwaamini watu wote wa mtandaoni.

4. Wanafunzi waanze na ukurasa wa makubaliano: nani anafanya nini, ataleta lini, na akikwama amwambie nani. Anayemchapia mwenzake aandike hivyo pembeni. Mstari mmoja unaosema "sehemu hii ni ya mwenzetu, mimi nimechapa tu" unaokoa ugomvi wa muhula mzima.

Tunawaomba wakuu wa idara wayajadili haya na wahadhiri wao kabla kazi za vikundi za muhula ujao hazijagawiwa. Sisi wanachama tutaanza na madarasa yetu wenyewe: kikundi chochote tutakachokisahihisha, tutakuwa tumekisikiliza kwanza.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.