Kabla ya kuchagua mji, uliza masharti ya kukaa
Na Mwanasha Omari

Vijana wa Bofu, hapa Likoni, Mombasa, wanaotafuta njia ya kwenda nje wana swali wanaloniuliza mara kwa mara: mji gani una mchanganyiko mkubwa wa watu, wasije wakajiona wageni peke yao? Dubai au Toronto?

Kwa kuhesabu vichwa, Dubai inashinda kwa mbali. Karibu watu tisa katika kila kumi ni wageni. Toronto, katika sensa ya 2021, wahamiaji walikuwa asilimia 46.6.

Mimi hesabu hiyo hainitoshi. Dubai utafanya kazi na Mnepali, Mhindi na Mfilipino, lakini ukaazi wenu nyote umefungwa kwenye kibali. Kazi ikiisha, utafute nyingine upesi au ufunge mizigo, na mtoto utakayemzaa pale hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Toronto baridi inauma, kodi ya nyumba inakomba mshahara, na vyeti vyako huenda visitambuliwe. Hata hivyo mtoto atakayezaliwa huko ni Mkanada tangu siku hiyo, na wewe ukishapata ukaazi wa kudumu unaweza kuomba uraia ukitimiza siku 1,095 nchini katika miaka mitano.

Wengine huniambia bora Muscat, Oman, maana kule Kiswahili kipo. Ni kweli, Waomani wengi walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika utawala 1970 akawaita warudi. Utaamkiwa vizuri. Kibali chako bado kitabaki mkononi mwa mdhamini.

Sisi wa Likoni tunapaswa kuelewa kuliko wengine kwamba mchanganyiko peke yake hautoshi. Mdigo, Mkamba, Mjaluo na Mluhya walipanga vyumba katika nyumba moja na kuvuka kwa feri moja miaka mingi. Kisha tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kikavamiwa, na wabara wakaanza kusakwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakakimbilia kanisani. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na kuna wanasiasa waliojua vyema kwamba ardhi na ajira ni vidonda vibichi. Mchanganyiko ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni haki ya kila mmoja kuhesabiwa mwenyeji bila kuulizwa kwao wapi.

Basi kijana, usimuulize wakala wa ajira mji una makabila mangapi. Mtafute mtu wa huku aliyekaa huko miaka mitano, umuulize kazi ilipokatika nani alimsimamia, na kama jirani asiye wa kwao amewahi kuingia nyumbani kwake.