Usinunue Tairi kwa Kuangalia Kashata

Msimu wa watalii unaingia mwezi Juni, na wenye magari ya safari Arusha, Moshi na Karatu wameanza kubadilisha matairi. Wengi wanataka A/T, yale yanayohimili lami na vumbi. Wataingia dukani, watapapasa kashata, wataona bado ni ndefu, watalipa. Ninawaomba wasimame hapo hapo kabla fedha haijatoka mfukoni. Urefu wa kashata hauonyeshi uzima wa tairi. Tairi linaweza kuwa na kashata za kuvutia huku ndani limechoka kabisa, na likibanduka kwenye lami gari likiwa limejaa abiria, dereva hapewi nafasi ya pili.

Jambo hili limeshaua watu. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza Marekani kwamba inayaondoa barabarani matairi milioni 6.5 ya aina ya ATX, ATX II na Wilderness AT, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Yalikuwa matairi ya magari ya aina hii hii tunayoyapenda. Gari likiwa kwenye mwendo mkubwa, tabaka la kashata lilibanduka pamoja na mkanda wake wa waya, na gari likapinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko iliyahusisha na vifo zaidi ya 200. Ajali ziliandama sehemu za joto: Texas, Florida, Arizona, na kabla ya hapo malalamiko yalikuwa yameshatoka Saudi Arabia na Venezuela. Ford ilikuwa imewaambia wateja wajaze upepo wa PSI 26, Firestone ikasema ilipasa kuwa 30. Kampuni hizo zilitupiana lawama hadi mwaka 2001 zikaachana, baada ya kufanya biashara pamoja kwa karibu miaka 100. Ninachokiona mimi katika mvutano ule ni kwamba joto, mzigo, upepo mdogo na mwendo vilikutana kwenye tairi lenye udhaifu, na watu wakafa.

Vitu hivyo vinne tunavyo vyote.

Chukua safari ya Ziwa Natron. Dereva anapita mchanga na mawe, na kwa busara anapunguza upepo ili tairi lilale vizuri na gari lisizame. Hapo hajakosea. Hatari inaanza Mto wa Mbu, anapopanda lami kuelekea Makuyuni na Arusha. Wageni wanawahi ndege, kompresa hana au anaona uvivu kuitoa, anakanyaga mafuta. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Joto hulegeza gundi ya mpira kati ya mikanda ya waya, ufa mdogo unaanzia ukingoni na kutambaa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Huenda lisipasuke siku ile. Litapasuka wiki ijayo, mikononi mwa dereva mwingine ambaye hajui lolote lililotokea Natron. Kwa hiyo ukishafika lami, simama ujaze upepo, hata kama mgeni ananuna.

Sasa turudi dukani. Tafuta ubavuni mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1719 ni wiki ya 17 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya 2000, liache. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja pekee, kwa hiyo kama tairi limeshafungwa na huzioni, ingia uvunguni usome upande wa ndani. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na tairi la mtumba linaweza kupakwa dawa likang'aa kama jipya. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri kubadilisha tairi likifika miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka kikomo cha miaka 10. Kwa gari la abiria kwenye jua letu, mimi nashika 6, spea ikiwemo. Spea ndiyo inayosahaulika.

Soma na namba ya mzigo. Kwenye 265/70R16 112S, 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wa kutosha. Namba 105 ni kilo 925 tu. Land Cruiser iliyorefushwa hulemea ekseli ya nyuma, hivyo usigawanye uzito wote kwa nne ukajidanganya. Na ukihamia tairi lenye herufi LT, la plai 10, jua kwamba kubeba mzigo uleule linahitaji upepo mwingi kuliko tairi la kawaida. Fundi akikujazia kwa mazoea, amekupa tairi gumu linalochemka.

Usikubali kiraka ubavuni. Usikubali kipara kilichochongwa mifereji upya ili kifanane na A/T.

Na dereva, ukisikia tairi linagonga kwa mpigo mmoja, au usukani unatetemeka ghafla, punguza mwendo na usimame mahali salama ukague. Likishabanduka, usikanyage breki kwa nguvu: shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue lenyewe likiwa limenyooka, ndipo utoke pembeni taratibu.

Mwenye kampuni, nenda leo uwanjani kwako na tochi na daftari. Andika tarehe ya kila tairi, spea zote zikiwemo, na lile lililopita umri litoe kabla gari halijapangiwa safari.