Gari Lililotoka Gereji Jana: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA

Lwakhakha, Kaunti ya Bungoma

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: AJALI ZINAZOTOKEA MUDA MFUPI BAADA YA GARI KUTENGENEZWA

Nakuandikia kutoka mpakani, ambako ukivuka daraja umeingia Uganda. Ninaomba gari linapoanguka siku chache baada ya kutoka gereji, kosa litafutwe kwenye chuma na kwenye karatasi kabla vyote viwili havijapotea. Huku kwetu linatafutwa mdomoni mwa watu.

Kila dereva wa Probox katika barabara ya Chwele anakijua kisa hiki. Asubuhi gari limebadilishwa tairi, likapakia abiria, na kabla ya Chwele gurudumu la mbele limechomoka. Majeruhi hawajafika hospitalini, hukumu imeshatolewa. Hawa wanasema fundi hakukaza nati, wale wanasema dereva alikuwa mbio na alijaza kupita kiasi. Fundi akipata habari anafunga kibanda na kujificha kwa kuogopa kipigo, na kule kujificha kunahesabiwa kuwa kukiri. Gari linavutwa hadi kituoni, ajali inaandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, na mwenye gari anapewa abstrakti, ule muhtasari wa polisi. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba abstrakti inathibitisha tu kuwa ajali iliripotiwa. Haithibitishi nani alikosea, wala haielezi gari lilifanyiwa nini jana yake.

Na jibu lilikuwepo palepale barabarani. Nati zikiachwa bila kukazwa, rimu hucheza, matundu yake hupanuka na kuwa marefu, na nyuzi za bolti hulainika upande mmoja. Bolti iliyokuwa na ufa wa siku nyingi hukatika kwa namna nyingine. Ukiishika mkononi utaona sehemu laini yenye mistari ya kupinda, pale ufa ulipokuwa ukitembea polepole, na kando yake sehemu mbichi yenye chengachenga iliyokatika siku ya ajali. Fundi aliyeingiza bomba kwenye mpini wa spana ili akaze kwa nguvu zake zote huacha shingo ya bolti imevutika na kuwa nyembamba. Hizo ni sababu tatu tofauti, na huenda wenye makosa pia ni watu tofauti. Mtu anayejua kazi anaweza kuzitofautisha kwa macho na tochi, mradi azikute sehemu hizo kabla hazijaguswa.

Breki ni hivyo hivyo. Kiungo cha bomba ambacho hakikukazwa huacha mafuta mabichi pale pale kilipofunguliwa. Bomba la mpira lililopasuka kwa uzee huonyesha nyufa ndogo mwili mzima, na fundi aliyebadilisha pedi tu pengine hakuligusa kamwe. Hapo ndipo swali zito linapoanzia: je, aliliona limechoka? Alimwambia mwenye gari? Mwenye gari alisema "funga tu, nitarudi mwisho wa mwezi"?

Sitetei mafundi wabovu, wapo. Lakini fundi aliyemwaga oili Jumatatu hana hatia ya boljointi iliyochomoka Jumanne eti kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kuonekana chini ya gari. Tena mafundi wazuri wakifungua gurudumu humwambia mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 ili nati zikazwe upya. Mteja asiporudi, naye ana sehemu yake ya lawama. Tatizo ni kwamba maneno hayo husemwa kwa mdomo kando ya barabara, na baada ya ajali kila mmoja huyakumbuka anavyotaka.

Sheria si haba. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, inamtaka anayedai athibitishe, na kifungu cha 112 kinasema katika kesi ya madai, jambo linalojulikana hasa na upande mmoja, upande huo ndio ulithibitishe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inatupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa. Mwenye gari aliyeshtakiwa na abiria anaweza kumwingiza mwenye gereji katika kesi. Dai la uzembe lina miaka 3. Lakini miaka 3 itamfaa nani ikiwa kufikia wiki ya tatu gari limenyeshewa uani mpaka kutu imekula alama zote, na wavutaji walishafunga nati nyingine ili libingirike?

Mwaka 2025 Mamlaka yako ilikusanya maoni ya wananchi kuhusu rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari. Haya ndiyo maoni yangu. Fomu ya kukagua gari lililopata ajali iulize lilitengenezwa nini ndani ya siku 30 kabla ya ajali, wapi, na sehemu zipi ziliguswa. Sehemu hizo zifunguliwe fundi na mwenye gari wakiwepo, zitiwe lebo na lakiri, na ripoti wapewe wote wawili. Mkaguzi hakai Lwakhakha, hilo naelewa. Basi afisa wa trafiki anayefika kwanza aelekezwe kupiga picha za habu, bolti, rimu na viungo vya breki kabla gari halijavutwa. Simu ya mfukoni inatosha.

Serikali ya Kaunti ya Bungoma, ambayo ndiyo inayotoa leseni za biashara, nayo iwatake wenye gereji kuandika kila kazi kwa nakala mbili. Daftari la kawaida na karatasi ya kaboni vinatosha kuandika namba ya gari, kilomita, kazi iliyoombwa, ubovu ulioonekana na mteja akakataa kuutengeneza, na sahihi mbili. Karatasi hiyo itamlinda fundi mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Tena hapa mpakani gari linaweza kutengenezwa ng'ambo, wilaya ya Namisindwa, likaanguka upande huu. Gari likiwa la Uganda, Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, itamhudumia aliyegongwa, ila haitasema nani aliacha nati wazi. Zungumzeni na wenzenu wa Uganda ili karatasi ya gereji ya kule ikubalike huku.

Naomba maelekezo ya picha na fomu yaanze sasa, bila kungoja kanuni zozote. Hayahitaji Bunge, na yanaweza kutumwa kwa barua moja kwa kila kituo cha polisi nchini.

Wako mwaminifu,
Mwenye gari, mkazi wa Lwakhakha